Miwani Kwenye Kopo la Chai

Jumatatu, tarehe 3 Julai

Siku yangu ya kwanza ya kuwa mtu muhimu. Sikuwa.

Shuleni walisema likizo hii ndefu tuitumie kuhudumia jamii. Wenzangu wamebaki makwao kuhudumia vitanda. Mimi nikapanda basi hadi mji nisioujua hata kwa ndoto, kwa mama mkubwa, dada yake mama. Nimepewa kitanda cha kukunja chini ya rafu ya vitambaa. Kila nikigeuka, jora la kitambaa linanitazama kama linalotaka kuniangukia.

Shirika lenyewe ni nyumba moja nyuma ya duka la matairi. Watu wa mbali hutuma miwani waliyoichoka, magunia kwa magunia. Hapa inaoshwa, inapimwa nguvu kwa kimashine, inafungwa kijikaratasi chenye namba, inapangwa kwenye trei. Wasioona vizuri wanakuja, wanapimwa macho, wanatafutiwa inayowafaa. Bure. Wazo zuri sana. Nilijiona nimesimama mbele, natabasamu, nashukuriwa.

Nimewekwa nyuma, kwenye beseni.

Mratibu ni mama mwenye funguo nyingi kiunoni, unamsikia kabla hujamwona. Aliniuliza kama nimezoea kuongea na watu. Nilitaka kusema ndiyo. Kinywa kilifunguka, hakikutoa kitu. Akanikabidhi sabuni.

Mbele kawekwa mwanafunzi mwingine, kijana wa hapahapa mjini. Wote wanamwita Redio. Ukimwuliza saa, anakupa na hali ya hewa. Alinikaribisha kwa mikono miwili, akaniita mdogo wangu (tuko darasa moja!), akasema nisijali, chumba cha nyuma kina upepo mzuri. Nikamchukia papo hapo.

Jioni mama mkubwa akaniuliza kuhusu foleni ya miwani. Anashona sare za shule kwenye karakana. Uzi wa buluu nzito juu ya kitambaa cha buluu nzito, na macho yameanza kumgomea. Bosi wa karakana kashatangaza kwamba atakayepinda mshono, mashine yake anapewa mwingine. Mama mkubwa kaikalia mashine hiyo tangu mimi sijazaliwa. Hana kazi nyingine, wala hataki.

Nikamwambia hilo aniachie mimi.

Jumatano, tarehe 5 Julai

Habari kubwa! Wageni wanaolisaidia shirika wanakuja Ijumaa ya tarehe 21. Watapiga picha. Halafu watachagua kijana mmoja, mmoja tu, wa kumpeleka kwenye kongamano la vijana wanaojitolea. Ng'ambo. Kwa ndege! Mimi ndege naijua kwa mlio tu.

Redio akauliza kama ndani ya ndege mtu anaruhusiwa kusimama. Utadhani tiketi iko mfukoni!

Nikapiga moyo konde. Wageni hawajui Kiswahili. Lugha yao Redio anaibabaisha. Mimi nimesomeshwa lugha mbili tangu darasa la kwanza, zote nazijua kwa sarufi na nukta zake. Nani basi awe mkalimani? Nikamwendea Mratibu na ombi langu nimeliandika kiganjani kwa kalamu. Mikono ya beseni! Lilikuwa limeshafutika nusu. Alinielewa hata hivyo. Akafurahi, akasema tujaribu sasa hivi, mmoja wa wageni yuko kwenye simu, nimwulize watakuja wangapi.

Sauti ya mwanamke. Ya upole kabisa. Halo? Halo? Nilijua kila neno la kumjibu. Maneno yalijipanga kooni kwa adabu zao, na hakuna lililokubali kutangulia.

Nikakata simu.

Nimesomeshwa lugha mbili, na ninanyamaza kwa zote mbili.

Redio akapiga tena. Vitenzi vyake vilikuwa vimelala chali kama mende. Yule mama akacheka hadi nikamsikia kutoka kwenye beseni. Wakaelewana kila kitu. Huu ni uonevu.

Ijumaa, tarehe 7 Julai

Mpango mpya, mwepesi: Redio apoteze sauti.

Nilinunua mfuko wa barafu dukani, nikampelekea, nikamwambia (kwa ishara, zaidi) kwamba namwonea huruma kwa jinsi anavyoongea juani. Aliguswa sana. Alisema hajawahi kuona roho safi namna hii. Akaipasua ile barafu vipande vipande, akawagawia watu wote wa foleni, akanirudishia kipande kikubwa kuliko vyote, akanisimamia mpaka nikamaliza.

Nimerudi nyumbani koo limevimba. Mama mkubwa kanikanda shingo kwa kitambaa cha moto. Redio yuko mzima kama kengele.

Jumamosi, tarehe 8 Julai

Leo mama mkubwa kapimwa macho. Nilimwambia nitampitisha mlango wa nyuma. Akanitazama kama nimemtukana, akapanga foleni na watu wengine, na kikapu chake mapajani.

Hapa kuna utaratibu wao. Wasiosoma, au wasiopenda kuulizwa kama wanasoma, hawaonyeshwi herufi. Mpima macho, mzee mmoja mtani sana, anawavalisha miwani na kuwapa sindano na uzi. Ukitunga, miwani ni yako. Mama mkubwa alipewa sindano. Kabla mzee hajamvalisha chochote, kashatunga! Alikuwa anatazama dirishani. Alilowesha uzi ulimini, akaubana kwa kucha, akautia. Foleni nzima ikacheka. Mzee akasema, "Fundi, wewe macho yako yako vidoleni, umeniharibia kipimo." Mama mkubwa akamjibu kuwa kutunga sindano si kuona. Kutunga kunahitaji tundu moja tu. Mshono ni njia ndefu.

Mzee akampima kwa njia nyingine, akaacha utani. Jicho la kulia dhaifu. La kushoto dhaifu maradufu. Miwani ya namna hiyo, kioo kimoja hivi na kingine vile, hupatikana kwa nadra, kwa kuwa kila miwani ya magunia ilitengenezewa macho ya mtu mwingine. Akamwambia avute subira. Gunia jipya linafunguliwa Jumatatu.

Mratibu akakumbusha sheria zake mbili, kama anavyozikumbusha kila Jumamosi. Ya kwanza, hakuna kumwekea mtu. Miwani ikipatikana, anapewa aliyepo. Ya pili, ukishapewa umepewa, hurudi tena mpaka msimu mwingine, wenzako wanangoja.

Jumatatu, tarehe 10 Julai

Nimeipata!

Gunia jipya, karibu na chini, imeviringishwa kwenye soksi. Fremu ya kahawia, mkono mmoja umefungwa waya. Niliipeleka kwenye kimashine mwenyewe. Kulia hivi, kushoto vile. Ndiyo yenyewe! Nilishaanza kukimbia kwenda kumwita Mratibu, ili mama mkubwa apigiwe simu kazini, aje saa ya chakula.

Nikafika mlangoni. Nikasimama.

Nikamwona Redio kule mbele akimchekesha bibi mmoja mpaka anashika mbavu. Ndipo wazo likanijia, zima zima, kama limetumwa.

Tuseme nampa leo. Nani ataona? Ukuta. Lakini tuseme wageni wamekaa, kamera iko tayari, mama mkubwa kaketi kitini, na mimi, bila kusema neno hata moja, natoka na miwani hii na kumvalisha. Anapepesa macho. Anaona! Machozi. Makofi. Hakuna haja ya ulimi. Redio aongee mpaka kesho kutwa, picha itakuwa ya kwangu.

Na mama mkubwa hapotezi kitu, anachelewa kidogo tu. Miwani aliyoikosa miaka yote hii, siku kumi na ushei ni nini?

Nimeificha kwenye kopo tupu la majani ya chai, juu ya kabati la chumba cha nyuma. Hakuna mtu anayefika huko ila mimi na mjusi.

Jumatano, tarehe 12 Julai

Karakana imeingia kwenye kola za mashati. Mama mkubwa karudi na kola mfuko mzima, za kufumua na kushona upya. Amekaa mlangoni akifuata mwanga wa jua mpaka jua lenyewe likamkimbia. Aliniuliza kama gunia jipya limeshafunguliwa. Nikasema limefunguliwa. Akauliza kama kulikuwa na chochote. Nikasema nyingi zilikuwa za kuonea mbali.

Kwa kweli nyingi zilikuwa za kuonea mbali. Huo si uongo.

Akasema hewala, mwanangu, bora wewe uko huko, unanitazamia.

Nikalala mapema.

Jumapili, tarehe 16 Julai

Maharage mchana. Mama mkubwa aliyachambua mwenyewe, akakataa nimsaidie, eti nimechoka na kazi za watu. Nilitafuna jiwe. Yeye akatafuna mawili. Akacheka, akasema meno ndiyo yanayomsaidia kuona siku hizi.

Halafu akaacha kucheka. Ijumaa bosi alizipima kola zake kwa rula mbele ya wenzake, akamwita "mama yangu mpendwa" (akimwita hivyo, ujue kuna jambo). Kamwambia mwisho wa kumvumilia ni mwezi huu. Kuna msichana amemaliza mafunzo, mikono myepesi, anangoja mashine.

Nusura nimwambie. Nilishafungua mdomo kabisa. Lakini mdomo wangu unajulikana. Na wageni ni Ijumaa hii tu, jamani! Kubomoa mpango mzima kwa ajili ya siku chache! Nikamwambia avumilie, nina hakika wiki hii kutakuwa na habari njema. Alinishika shavu. Mkono wake ulikuwa na nyuzi za buluu.

Najionea huruma. Si rahisi kubeba siri nzuri peke yako.

Jumatano, tarehe 19 Julai

Nimempelekea Mratibu mpango wangu kwa maandishi. Lugha zote mbili. Aliusoma mara mbili huku funguo zimetulia. Akauliza nina hakika kuna miwani itakayomfaa mama mkubwa. Nikatikisa kichwa juu na chini. Akauliza kama nitahutubia. Nikatikisa kichwa kushoto na kulia. Akasema huo ndio uzuri wake. Kumbe nina akili, mbona nimejificha kwenye beseni?

Kwenye beseni nilijificha mimi?

Redio kapangiwa chai ya wageni. Chai! Amepokea kwa furaha zote, anauliza watu wanapenda sukari kiasi gani. Yule hata ukimdhalilisha hajui. Anachosha.

Alhamisi, tarehe 20 Julai

Mratibu kaniruhusu nisije leo, nipumzike kwa ajili ya kesho. Nimepiga pasi blauzi yangu, nikaunguza ukosi, nikaibadilisha. Nimejizoeza mbele ya kioo namna ya kumvalisha mtu miwani bila kumtoboa jicho. Mama mkubwa kaomba ruhusa ya nusu siku kesho. Bosi kampa, kwa mdomo uliopinda. Kashona kola za kufidia mpaka shingo imekakamaa.

Hajui chochote. Anajua tu ameitwa. Nimemwambia avae gauni la zambarau, linapendeza kwenye picha.

Ijumaa, tarehe 21 Julai

Bado nimevaa blauzi ya picha. Naandika hivyohivyo.

Wageni walifika wanne, pamoja na yule mama wa kwenye simu, na kamera kubwa kama kichwa cha mbuzi. Viti vilijaa. Redio aligawa chai, na kila kikombe na kichekesho chake. Mpima macho alikuwa chumba cha pili akimwonyesha mgeni mmoja kimashine. Mratibu akanikonyeza. Wakati ndio huo!

Nikaingia nyuma. Nikapanda kigoda. Nikashusha kopo. Nikatia mkono.

Majani ya chai.

Majani ya chai kweli! Hadi kwenye mdomo wa kopo! Nilichimba kama kuku. Nikalimwaga sakafuni. Chai tupu. Kule nje namsikia Mratibu akitangaza kwamba sasa mtashuhudia, na mtu fulani akipiga makofi kabla ya wakati.

Nifanye nini? Nilinyakua miwani ya kwanza niliyoiona kwenye trei ya karibu. Nyekundu. Nene. Ya kuonea mbali, na kwa macho yaliyo tofauti kabisa. Nikatoka nayo.

Mama mkubwa alikuwa kaketi katikati na gauni lake la zambarau, mikono juu ya mapaja, kama mtu anayengoja kuitwa hospitali. Nikamvalisha. Kamera ikasogea. Alifungua macho, na mimi peke yangu, niliyekuwa karibu, niliona jinsi yalivyotafuta pa kushika, yakakosa. Akanitazama mahali ambapo hakika hakuona ila wingu lenye blauzi. Nadhani aliisikia pumzi yangu.

Mratibu akampa sindano na uzi.

Akalowesha uzi. Akaubana kwa kucha. Akatunga, mara moja!

Makofi! Watu wakasimama. "Naona, mwanangu," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka dirishani. "Naona kila kitu." Yule mama wa simu akalia machozi ya kweli, akamkumbatia. Mimi nikapigwa picha mkono wangu ukiwa bado kwenye ule mkono wa miwani.

Tumeshinda! Nadhani tumeshinda.

Wakati wa kuondoka mama mkubwa aligonga bega kwenye mwimo wa mlango. Akasema mlango huu bwana, mwembamba.

Jumamosi, tarehe 22 Julai

Nimejua. Redio huyo huyo! Juzi alitafuta kopo la kutilia chai ya wageni, akakuta miwani ndani. Akadhani imewekwa ikauke ikasahaulika. Akaipeleka kwa mpima macho. Mzee akaona namba, akasema ah, kulikuwa na mama mmoja fundi ingemfaa sana. Lakini sheria ni sheria, aliyepo ndiye anayepewa, na kwenye benchi alikuwepo dereva mstaafu wa malori, mwenye jicho moja lililopasuliwa. Ikamkaa kama imezaliwa naye. Alisoma mpaka maandishi ya kwenye kiberiti. Leo karudi na ndizi kutushukuru. Nikakataa kula.

Ni mwizi gani anayechukua kopo bila kuuliza?

Nyumbani mama mkubwa kaweka ile nyekundu juu ya meza, kichwa kinamuuma tangu jana. Nilimwuliza kwa nini alisema anaona. Akasema, "Ningefanyaje, mwanangu? Ulikuwa unatetemeka mbele za watu." Halafu akaniomba, taratibu kabisa, nikamwulizie Mratibu kama inawezekana kubadilishiwa.

Nilikwenda. Nilifika hadi mlangoni pa ofisi. Nikamsikia Mratibu ndani akimsimulia mtu kwa simu habari ya mama aliyeona, na jinsi wageni walivyoguswa, na kwamba jina la kijana litatajwa wiki ijayo. Ningeingia na kusema nini? Kwamba haoni? Basi na ndege je?

Na pia nina haya. Hilo kila mtu analijua. Haya ni maumbile.

Nikarudi, nikamwambia mama mkubwa kwamba Mratibu kasema ukishapewa umepewa. Kwani si ndivyo anavyosema siku zote?

Jumanne, tarehe 25 Julai

Karakana wamefika kwenye matundu ya vifungo. Mama mkubwa alijaribu bila miwani, akajaribu na nyekundu, akajaribu kwa vidole. Bosi akamwita mama yangu mpendwa. Mashine kapewa yule msichana. Mama mkubwa yuko kwenye pasi sasa, ananyoosha mashati yanayoshonwa na wenzake. Kasema pasi si mbaya, mtu unasimama, mgongo unapona. Hakuna aliyemwuliza habari ya mgongo.

Jioni Redio akaja kututembelea. Nani kamwalika? Kaja na mkate. Kamwamkia mama mkubwa shikamoo mpaka magoti yamekunjika, na ndani ya muda wa kuchemsha maji alikuwa kashamsimulia habari za ujirani wote. Nilikuwa namkata jicho. Hakuona. Akafika kwenye kichekesho cha miwani ndani ya kopo la chai. Alikicheza chote, na sauti ya mzee, na macho ya dereva. Kioo kimoja hivi, kingine vile! Akacheka. Akasema labda mdogo wangu hapa aliiweka ikauke, kazi nyingi zinasahaulisha, lakini hakikuharibika kitu, wewe mama si ulipata ya kwako Ijumaa?

Mama mkubwa alikuwa akinikunjia sketi. Akaikunja mpaka mwisho. Akamwuliza Redio gunia hilo lilifunguliwa lini. Redio akasema Jumatatu ile, kabla ya wiki ya wageni.

Akawa kama anahesabu kitu kichwani.

"Ilikuwa wiki ya kola," akasema.

Alimkatia Redio mkate, akampakia siagi. Na mimi akanipakia. Siagi ilimganda kidoleni, hakuiona, akaenda nayo hivyohivyo.

Ningependa angenigombeza. Watu wasiogomba wanakuachia kazi yote uifanye wewe.

Ijumaa, tarehe 28 Julai

Redio!

Redio ndiye anayekwenda! Mratibu katangaza mbele ya wote, funguo zikipiga kelele kama harusi. Ilivyokuwa ni hivi: wakati wageni wanaondoka ile Ijumaa, yule dereva mstaafu aliwazuia getini, akawasimulia kwa mikono jinsi kijana mmoja alivyoikuta miwani yake kwenye kopo la chai, badala ya kuitupa akaihangaikia mpaka ikapata macho. Redio akawatafsiria mwenyewe, na vitenzi vyake vimelala chali. Wageni wakasema kijana wa namna hii ndiye wanayemtafuta.

Miwani yangu! Kopo langu! Bila mimi kuificha, angeikuta wapi?

Wametuma na bango. Linabandikwa ukutani mbele. Mama mkubwa, mkubwa kama mlango, na miwani nyekundu, sindano mkononi, anatazama kando kidogo ya kamera. Mimi nimekatwa. Kimebaki kidole gumba.

Redio kanikumbatia. Kasema ataniletea zawadi. Nikamtakia safari njema, maneno mawili mazima, yametoka vizuri kabisa. Yakihitajika hayatoki!

Mratibu, kwa kunifariji, kaniacha nifungue gunia la mwisho peke yangu.

Jumapili, tarehe 30 Julai

Naandika ndani ya basi. Narudi nyumbani.

Mama mkubwa aliamka kabla yangu akanipigia pasi sare yangu ya shule. Mikunjo imenyooka ajabu, hilo lazima niseme. Hajanena mengi tangu Jumanne. Kula. Oga. Usisahau taulo. Nilikuwa jikoni namtazama akipapasa meza kutafuta chumvi iliyokuwa mbele yake, na mkoba wangu miguuni, na ndani ya mkoba, kwenye soksi ya kushoto, imo.

Ilikuwa kwenye gunia la Ijumaa. Fremu nyeusi, mikono yote mizima. Niliipima. Kulia hivi, kushoto vile. Ya pili! Mzee alisema hupatikana kwa nadra, na mimi nimepata mbili kwa mwezi mmoja. Nani mwingine ana bahati hii?

Nusura nimpe palepale. Lakini fikiria. Jikoni, asubuhi, watu wawili ambao hawaongei. Angesema asante, akaivaa, akaendelea na chumvi. Ingekuwa ni kuipoteza bure.

Kosa langu nimeshaligundua. Lilikuwa kopo. Kila nyumba ikipata wageni inatafuta kopo la chai, hata mtoto anajua. Soksi haitafutwi na mtu. Wageni wanarudi likizo ndefu ya mwakani, na watachagua tena. Hadi wakati huo mama mkubwa atakuwa amekaa kwenye pasi mwaka mzima, atakuwa na haki ya kupewa, atakuwa amechakaa kidogo, na atakapoona, ataona kwelikweli. Safari hii hakutakuwa na kuigiza. Itanibidi tu nisimame upande wa kulia, ambako kamera haikati.

Alinisindikiza hadi kituoni. Kavaa ile nyekundu, amesema ni kwa ajili ya vumbi. Nilipokaa kwenye kiti changu na basi likawaka, nilimwona amesimama karibu na basi la jirani, ameinua mkono, anapunga kwa dirisha la watu wengine. Anatabasamu. Anapunga kwa nguvu zote, asije akadhaniwa amekasirika.

Ningemwita. Lakini basi lilikuwa limejaa, watu wangegeuka kunitazama.